Mgeni wa Pili

Mpira uliingia kikombeni saa saba mchana, na Kelestini alikuwa kazini ng'ambo ya mto.

Dativa alikuwa uani akigeuza mpunga kwenye turubai. Aliusikia vizuri: ulibingirika juu ya sakafu ya saruji, ukasita kidogo, kisha ting', ndani ya kikombe cha bati. Ilikuwa sauti aliyoichukia kuliko sauti zote za nyumba ile, hivyo hangeweza kuichanganya na nyingine. Aliacha reki, akaingia sebuleni huku akifuta jasho kwa ncha ya khanga. Hapakuwa na mtu. Kikombe kilikuwa kimelala ubavu chini ya dirisha, palepale mumewe alipokiacha asubuhi baada ya kufanya mazoezi, na ndani yake mpira mweupe wa gofu ulikuwa bado unatikisika.

"Nelly!" aliita.

Hakujibiwa. Mdogo wake huyo, aliyeishi nao, alikuwa bado kibandani kwake karibu na stendi, akiwawekea na kuwatolea watu fedha za simu. Sebule ilinuka majani mabichi yaliyokatwa muda huohuo, na ndani ya harufu hiyo mlikuwa na nyingine, ya marashi. Huo ulikuwa mwezi wa tisa. Mtaa wao mzima wa Viwanja Sitini haukuwa na majani mabichi ya kumshibisha mbuzi mmoja.

"Panya," alijiambia, maana mtu mwenye hasira zake hapati nafasi ya kuogopa, akarudi kwenye mpunga wake.

Hasira hizo zilikuwa na umri wa wiki tatu. Kelestini alikuwa msimamizi wa nyasi kwenye uwanja wa gofu wa kampuni moja ya mashamba, kiwanja cha mashimo tisa ambacho mameneja walijitengenezea ili wasife kwa upweke. Alianza kwa kuwabebea mifuko, akafyeka, akamwagilia, na jioni wakubwa wakishaondoka alibaki akipiga peke yake. Alipiga miaka kumi na moja. Kwenye mashindano ya kumuaga meneja mkuu aliwashinda wote, hata wale waliozaliwa na viatu vya gofu miguuni. Zawadi ya kwanza ilikuwa wiki nzima ya mapumziko katika hoteli ya gofu kisiwani Mauritius: mashimo kumi na nane kando ya bahari, chumba chenye bwawa lake mlangoni, chakula bure, na ndege ya kwenda na kurudi. Kwa watu wawili.

Watu wawili! Wiki ya kwanza Dativa alizunguka Ifakara nzima na watu wawili hao mdomoni. Sokoni aliwatazama perege kama mtu ambaye siku si nyingi ataletewa kamba wa baharini kwenye sinia. Kisha kikaja kikwazo cha pasipoti. Cheti chake cha kuzaliwa kilisema Dathiva, kwa sababu marehemu baba yake, mvuvi wa Malinyi, alikuwa na pengo la meno ya mbele na ndivyo alivyolitamka jina mbele ya karani. Cheti cha ubatizo kilisema Dativa, na kitambulisho kikafuata ubatizo. Akaambiwa aape, alete kiapo, kisha asubiri.

Nelly hakuwa na la kusubiri. Nelly alipata pasipoti mwaka ule alipokwenda Lusaka kuimba na kwaya ya parokia. Na Nelly ndiye aliyejua kuzungumza na wakala wa safari wa Dar, ndiye aliyejua kufungua picha za hoteli, kwa hiyo kila jioni baada ya chakula aliketi kochi moja na shemeji yake, vichwa viwili juu ya simu moja, wakipanga.

"Shemeji, shimo la saba lina maji pande tatu!"

"Ndilo nalitaka hilo. Hebu tazama, wanatoa na kigari?"

"Wanatoa. Hutembei hata hatua. Sasa chumba tuombe cha juu au cha chini?"

"Cha chini, nipige moja kwa moja kutoka mlangoni!"

Wakacheka. Dativa, mikono ndani ya karai la vyombo, alivisikia vicheko hivyo na kila kimoja kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku Kelestini alipomshika Nelly viwiko ili kumwonyesha fimbo inavyozungushwa, sahani ilimponyoka dada mtu, na haikumponyoka kwa bahati mbaya. Nelly alikuwa na miaka ishirini na sita, na kiuno. Tuseme hivyo, tuendelee.

Sasa hiyo Ijumaa, siku moja kabla ya ule mpira, wakala alituma fomu kwenye simu ya Kelestini. Ilikuwa fupi: jina la mgeni wa kwanza, jina la mgeni wa pili, namba za pasipoti zitafuata. Kelestini alikuwa ameisahau simu yake kwenye chaji nyumbani, akaazima ya mwenzake na kumpigia mkewe.

"Mama Lukelo, ijaze ile fomu kabla ya saa sita, la sivyo nafasi ya pili inakufa. Mgeni wa kwanza mimi. Wa pili weka Nelly."

"Nelly?"

"Kwa muda tu, mke wangu. Jina lako bado lina kesi. Wamesema tunaweza kubadilisha mpaka Alhamisi."

Dativa alibaki na simu mkononi. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyembeba mgongoni huko Malinyi, aandikwe chumba kimoja na mumewe! Leo kwenye karatasi, kesho je? Roho ilimuuma mpaka akaona giza. Nafasi ilikuwa lazima ijazwe, lakini haikuwa lazima ijazwe na yule. Akaandika neno lililokuwa tayari mbele ya macho yake: Mgeni. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia, akasema kwa sauti:

"Akae yeyote. Hata asiye mtu, mradi si Nelly."

Hakuwa hata ameiweka simu chini jibu lilipoingia. *Asante. Tumempokea Bi Mgeni. Nafasi yake ipo tayari.*

Dativa alicheka. Wajinga wa Dar, wamedhani ni jina la mtu.

*

Jumapili alikwenda misa ya kwanza. Aliporudi, Kelestini alikuwa amekaa barazani akisugua fimbo zake, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao Dativa alikuwa hajauona siku nyingi.

"Ulivyoniambia kuhusu mkono wa kushoto ni kweli," alisema. "Nimeulegeza. Mipira kumi, yote kumi imeingia."

"Nilikuambia lini?"

"Si asubuhi hii, hapohapo kwenye ngazi? Dati, usinitanie bwana."

Dati. Hakuwa amemwita hivyo tangu azaliwe Lukelo, na Lukelo sasa yuko kidato cha pili, bwenini huko Mahenge. Jina lile lilimpendeza, kisha likamchoma, kwa sababu yeye hakuwa amekaa kwenye ngazi yoyote na mkono wa kushoto wa gofu haujui. Akakata shauri papo hapo: mwanaume huyu anazungumza na Nelly mpaka hajui tena anazungumza na nani. Akamfuata mdogo wake jikoni.

"Umemwambia nini mume wangu asubuhi hii?"

"Asubuhi gani, dada?"

"Usinifanye mtoto. Habari za mkono wa kushoto."

Nelly aliacha kukuna nazi, akamtazama kwa mshangao. "Dada, asubuhi tulikuwa wote kanisani. Tumekaa benchi moja. Sadaka yako nimekupelekea mimi."

Ilikuwa kweli, na Dativa aliijua kuwa kweli. Sebuleni, mpira ulibingirika, ukasita, ukaingia kikombeni, na kupitia mlango wa jikoni waliweza kumwona Kelestini barazani, mgongo umewageukia, anasugua fimbo.

*

Jumatatu uwanja wa gofu hufungwa, kwa hiyo Kelestini alishinda nyumbani. Mchana, jua la utosini, Nelly alikuja kuchukua chaja aliyoisahau. Dativa alimwona akizunguka nyumba kwa nje, akija uani kwa hatua ndogondogo na viatu vyake mkononi, midomo imemkauka.

"Dada," alinong'ona, "wewe uko hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Hujauona huu mpunga?"

"Sema polepole, dada, nakuomba. Nimepita dirishani. Nimekuona umekaa na shemeji kwenye kochi. Umevaa nyeupe. Umegeuka, umenitazama, ukaweka kidole mdomoni, hivi, kuninyamazisha."

Dativa aliangusha reki. Walikwenda wameshikana mikono, kitu ambacho hawakuwa wamekifanya tangu utotoni, wakapita chini ya kamba ya nguo na kando ya pipa la maji, na kadiri walivyokaribia dirisha ndivyo ile harufu ya majani mabichi na marashi ilivyozidi kuwa nzito, ikawa kama imewashika usoni kwa mikono iliyolowa, na kutoka ndani ikasikika sauti ya mwanamke akizungumza taratibu, bila haraka, akisema shimo la saba tutalipiga asubuhi kabla upepo haujaamka, na jioni tutakaa miguu ndani ya bwawa, na Nelly akamfinya dada yake kiganja mpaka kucha zikaingia, kwa sababu sauti ile waliijua wote wawili, ilikuwa sauti ya Dativa mwenyewe, ila haikuwa na uchovu wowote ndani yake.

Pazia lilikuwa na upenyo. Dativa aliweka jicho.

Aliona kisogo chake. Aliona shingo yake, mabega yake, yamevaa kitambaa cheupe kisicho na kunjo hata moja. Aliona mkono wa mumewe juu ya goti la yule mwanamke, na uso wa mumewe, na hapo ndipo hofu ilipompisha mwenzake, wivu. Maana Kelestini alikuwa anamtazama yule kama alivyomtazama Dativa mwaka ule mto ulipofurika, wakakwama Namawala siku nne na wala hawakutaka maji yapungue. Hajawahi kumtazama Nelly hivyo. Na yeye mwenyewe, mkewe, mara ya mwisho ilikuwa lini?

Aliusukuma mlango kwa bega.

Kelestini alikuwa peke yake. Kochi kando yake lilikuwa limebonyea na likawa linainuka polepole. Sakafuni palikuwa na vipande vya majani mabichi, vimelowa.

"Umesahau nini tena?" aliuliza kwa upole. "Si umetoka sasa hivi?"

"Nani alikuwa hapa?"

"Dati, jamani." Akacheka. "Siku hizi umekuwa na vituko. Lakini vinanipendeza."

Nelly aliyasikia hayo akiwa nje. Usiku ule alihamia kwa rafiki yake Bernadeta, akawa anakuja mchana tu, tena akihakikisha kwanza dada yake yuko wapi.

*

Jumanne jioni Kelestini alirudi na bahasha ndogo ya studio. "Zimetoka vizuri," alisema, akamwekea mezani picha nne za pasipoti.

Dativa hakuwa ameingia studio mwaka ule wote. Aliziinua karibu na dirisha. Ni yeye, hapana shaka. Lakini yule wa pichani hakuwa na mstari kati ya nyusi, hakuwa na madoa ya jua la shambani mashavuni, na midomo yake haikuwa imekunjwa kwa kumeza maneno. Ndiye Dativa ambaye angekuwa kama angetunzwa. Alimtazama kwa muda mrefu, na alichokisikia moyoni, Mungu amsamehe, kilikuwa wivu, wivu uleule wa Nelly, ila huu haukuwa na pa kupumulia.

Asubuhi yake alivuka barabara mpaka dukani kwa Bi Mwanamvua, mama wa Kilwa aliyeuza khanga, ubani na viungo, na ambaye amekaa Ifakara tangu barabara ikiwa ya tope.

"Shikamoo, Bi Mwanamvua."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio mbona hakaribii?"

Dativa aligeuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Bi Mwanamvua alivuta pumzi mara mbili puani, uso ukambadilika, akashusha nusu ya shata la duka na kumketisha kwenye gunia la mchele.

"Nieleze. Na usiseme kwa nguvu."

Dativa alieleza yote kwa kunong'ona, la mpira, la kochi, la picha. Alipofika kwenye fomu aliona haya, akatoa tu simu ya mumewe, ambayo siku hizi aliiacha nyumbani kila siku. Mama yule alisoma, akavua miwani.

"Ulisema na neno wakati unaliandika hili?"

"Nilisema akae yeyote. Hata asiye mtu."

"Subhanallah." Akamrudishia simu. "Sikiliza, mwanangu. Huku kwenu mgeni ni mtu aliyebisha hodi. Kwetu sisi, wale jamaa hatuwataji. Tukisema binti fulani ana mgeni, hatumsemi shangazi yake aliyekuja na kikapu. Ndilo jina lao la adabu. Sasa wewe umemwita kwa adabu, ukamfungulia mlango kwa maneno, ukampa na nafasi kwa maandishi."

"Nichome ubani? Nimtafute padri?"

"Hivyo ni vya kumtoa aliyejiingiza. Huyu ana mwaliko." Akamshika mkono. "Huyu hafukuzwi, anapishwa. Futa neno hilo, uandike jina la binadamu mwingine mahali pake. Na umpe huyo mtu nafasi kwa moyo mweupe, bila kijiba. Mgeni wako anakula kijicho, ndicho kilichomnenepesha mpaka akapata sura. Akikikosa, ataondoka mwenyewe."

"Basi niandike langu. Nafasi si yangu?"

"Lako usithubutu!" Kwa mara ya kwanza mama yule alipaza sauti, akaishusha haraka. "Sura yako keshaichukua. Sauti keshaichukua. Limebaki jina. Ukimpa na jina, wewe utakuwa nani katika nyumba ile?"

Nje, mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia. Bi Mwanamvua alisubiri apite.

"Kwenu nani ana pasipoti?"

Dativa aliinuka kwenye gunia, akapandisha shata mwenyewe.

*

Alhamisi, siku ya mwisho ya kubadilisha, Dativa alikaa mezani na simu saa tano na nusu. Alikuwa amekesha akijifunza kulitamka jina la mdogo wake bila kukunja uso. Nelly ni mtoto mzuri. Nelly hajamkosea. Nelly alikuwa na joto la malaria ana miaka mitatu, akalala kifuani kwa dada yake wiki nzima. Aende. Apande ndege, akae miguu ndani ya bwawa, arudi na hadithi. Shemeji ni shemeji. Alijisemea hivyo, na safari hii moyo ukamkubalia, akawa mwepesi, akafuta lile neno, akaanza: N, e, l.

Ile harufu ikaja nyuma ya kiti. Hakugeuka. Pumzi baridi ilimpitia sikioni, na sauti yake mwenyewe, ile isiyo na uchovu, ikasema:

"Mwandike. Mwandike tu. Atapendeza kweli pale bwawani."

Hata hivyo akaongeza l nyingine. Imebaki herufi moja. Na hapo mlango wa chumbani ukafunguka na Nelly mwenyewe akatoka, kwa kuwa alikuwa ameitwa aje kusaidia kufungasha na alikuwa ameona dada yake yuko wapi. Alikuwa amevaa kofia nyeupe ya gofu, fulana nyeupe yenye ukosi na sketi nyeupe iliyomshika kiunoni kama iliyoshonewa mwilini mwake.

"Dada, inanikaa? Shemeji kaninunulia... yaani kakununulia wewe. Kasema nikujaribie, tuko saizi moja."

Kusema kweli hawakuwa saizi moja tangu Lukelo azaliwe. Nelly alijizungusha mara moja, kwa utoto tu, wala hakuwa na nia mbaya. Dativa alimtazama miguu ile mirefu, akamwona Kelestini dukani akiinua sketi ile na kuipima kwa macho, neno la Nelly likamrudia masikioni, kaninunulia, kaninunulia, na likamjaa donge la wiki tatu zote kifuani kwa mpigo mmoja. Nyuma ya kiti, mtu alicheka polepole.

Hivi kweli? Yeye aliyevumilia miaka ya mboga za majani, yeye mwenye ndoa ya kanisani, apishe? Kwa maneno ya mama mmoja wa Kilwa anayeuza ubani? Jina ni lake, mume ni wake, nafasi ni yake. Wote wawili wamkome, huyu wa mbele na yule wa nyuma.

Akafuta. Akaandika: Dativa. Akatuma.

Harufu ilikatika papo hapo. Nyumba ikawa nyepesi, jogoo wa jirani akasikika, na mpira uliokuwa kikombeni ukatoka wenyewe, ukabingirika mpaka miguuni pake, ukatulia.

"Imepita," alisema Dativa, akicheka huku analia. "Nelly, imepita!"

Simu ikalia. *Asante, Bi Dativa. Pasipoti yako tumeipokea. Gari litawafuata Jumamosi saa moja asubuhi.*

Pasipoti? Basi Kelestini amehangaika kimyakimya, amemfanyia mambo ya ghafla. Ndivyo alivyotaka kuamini, na mtu akitaka kuamini, nani amzuie?

Ijumaa alizunguka mjini kwa furaha. Alinunua khanga dukani kwa Bi Mwanamvua, na mama yule akamfungia kwa ukarimu anaowapa wapita njia, bila kumuuliza lolote. Amenuna kwa kuwa sikumsikiliza, Dativa alidhani, akainua kichwa na kuvuka barabara. Jioni Kelestini alilala mapema, wala hakumsemesha. Ni safari, alijiambia. Safari inamchosha mtu kabla haijaanza.

Jumamosi saa kumi na mbili alitoka kwenda kwa fundi kuchukua gauni lake la kitenge, ambalo fundi alikesha akilishona. Lilikuwa zuri kupita alivyofikiria. Akarudi kwa haraka amelilaza juu ya mikono miwili lisikunjike, na alipoingia mtaani kwao aliona gari jeupe limesimama mlangoni pake, Kelestini anapakia mfuko wa fimbo, na kiti cha nyuma kuna mwanamke amekaa wima.

Alianza kukimbia. Aliita, "Baba Lukelo!" Aliita tena. Kelestini alifunga buti, akainua macho, akamtazama kama mtu anavyomtazama mama yeyote anayekimbilia mambo yake asubuhi, akamwinamishia kichwa kwa heshima, akaingia ndani na kuchukua mkono wa yule aliyekaa. Kioo kilikuwa wazi. Mwanamke yule aligeuka. Alikuwa na mstari kati ya nyusi sasa, na madoa ya jua mashavuni, na alimtazama Dativa bila chuki, kama mwenye nyumba anayemwona mtu langoni. Kisha gari likaondoka.

"Safari njema, dada!" Nelly, aliyekuwa amesimama barazani, alipunga khanga kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka kwa furaha. "Msinisahau na zawadi!"

Gari lilikata kona, vumbi likatulia. Nelly alijifuta macho, akamwona mwanamke amesimama mbele yake anahema, ana gauni mikononi. Akakunja goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Dativa alifungua mdomo amwambie jina lake. Alilitafuta. Alilitafuta kwa herufi za baba yake na kwa herufi za padri, na hakulipata.

"Wenyewe wamesafiri sasa hivi," Nelly alisema kwa upole, akinyoosha mikono. "Kama hilo ni gauni la dada limetoka kwa fundi, niachie mimi, nitamtunzia."